Paka, mimba na karatasi ya maabara: maswali kuhusu toksoplasma

Mama mmoja wa Kibosho, mimba ya wiki 14, alikuja na karatasi ya maabara ameikunja mara nne. Imeandikwa: toksoplasma, IgG chanya, IgM hasi (hizo ni aina mbili za kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea). Jirani alishamwambia afukuze paka wake. Nimeyaweka hapa maswali yake pamoja na ya wenzake wa Moshi.

Toksoplasma ni nini?

Ni kimelea cha seli moja. Kilielezwa mwaka 1908 huko Tunis, kutoka kwa mnyama mdogo kama panya aitwaye gundi (si ile ya kubandikia!), na ndiye aliyekipa nusu ya jina lake, *Toxoplasma gondii*. Mayai yake hutengenezwa ndani ya utumbo wa paka na jamii yake tu, yakatoka na kinyesi. Mbuzi, nguruwe au kuku akiyala, kimelea hujificha kwenye misuli yake, nasi tukakila kwenye nyama isiyoiva.

Kikiniingia, kinga inafanyaje?

Wengi hawasikii chochote. Wengine hupata homa ndogo, uchovu, tezi za shingo zikavimba, wakadhani ni mafua tu.

Kazi kubwa iko ndani. Kimelea hiki huishi ndani ya seli zetu, na kikishaingia humo kingamwili zinazoelea kwenye damu hazikifikii. Ndiyo maana mwili hutegemea zaidi chembe nyeupe za damu. Hizo humwaga kemikali iitwayo interferoni gama, inayozifanya seli ziwe mahali pabaya kwa kimelea kuishi. Baada ya wiki chache kinashindwa, kinajifungia kwenye vifuko vidogo ndani ya misuli na ubongo, kinalala humo maisha yote. Hakijafa. Kinga ikishuka sana, kwa mfano kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, kinaweza kuamka.

Mimba inabadilisha nini?

Nusu ya asili ya mtoto ni ya baba yake, kwa hiyo kwa kinga ya mama mtoto ni mgeni. Ili asishambuliwe, mwili hupunguza makali ya kinga kwenye kondo la nyuma, hasa hiyo ya chembe nyeupe. Interferoni gama ikizidi nayo inaweza kuidhuru mimba. Mwili unatembea juu ya kamba hapo.

Mama akiambukizwa mimba ikiwa changa, kimelea hupita kwa mtoto kwa nadra, lakini kikipita madhara ni makubwa: mimba kuharibika, kichwa kujaa maji, ubongo kuumia. Mimba ikiwa kubwa hupita kwa urahisi zaidi, ila mtoto mara nyingi huzaliwa akionekana mzima, na macho yakaja kumsumbua baadaye.

Karatasi yangu inasemaje?

IgM hutangulia, wiki ya kwanza au ya pili. IgG hufuata na kubaki maisha yote. Mama wa Kibosho ana IgG peke yake, maana yake aliambukizwa zamani na kinga yake inakijua kimelea. Kwa mjamzito mwenye kinga nzuri, hiyo ni habari njema. Nilipomwambia, aliikunja karatasi mara ya tano.

Wa kujichunga zaidi ni yule ambaye zote ni hasi, kwa sababu hajawahi kukutana nacho. IgM chanya nayo isikutoe machozi haraka, maana inaweza kudumu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Daktari atarudia kipimo, na maabara ikiweza itaangalia jinsi IgG inavyong'ang'ania kimelea. Ile mpya hushika kwa ulegevu, ya zamani hukaza.

Mtoto akizaliwa na IgG, ameambukizwa?

Si lazima. IgG ya mama huvuka kondo la nyuma, na hupotea kwa mtoto kabla hajatimiza mwaka. IgM haivuki, hivyo ikionekana kwake huwa tunashuku ameitengeneza mwenyewe.

Basi paka nimfukuze?

Mwache. Kwa kawaida hutoa mayai wiki 1 hadi 3 tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Mayai hayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje kabla ya kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku, na mtu mwingine. Ukichuma mboga ya mnafu kihambani (shamba la nyumbani), vaa glavu, kisha uoshe majani vizuri na maji mengi.

Mimi nahofia zaidi ubao wa jikoni. Mtu anakatia nyama mbichi, anaupangusa kwa kitambaa, halafu anakatia nyanya za kachumbari. Nyama choma iive hadi ndani, pasiwe na wekundu. Kisusio (supu yetu ya damu ya mbuzi) kichemke kweli, kisipashwe tu.

Dawa ipo?

Ipo. Maambukizi mapya mapema kwenye mimba hutibiwa kwa spiramisini. Baada ya wiki 18, ikionekana mtoto ameambukizwa, daktari huweza kutumia pirimethamini na sulfadiazini, pamoja na asidi ya foliniki. Zile SP za kliniki zina pirimethamini pia, lakini ni za kuzuia malaria. Zimeze kama ulivyoelekezwa, usizihesabu kuwa tiba ya toksoplasma.