Makala ya utafiti wa moyo humfikiaje mgonjwa?

Anayetaka kujua uzito wa mtafiti siku hizi huangalia makala zake zimenukuliwa na wenzake mara ngapi. Ipo hata fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini mimi huuliza kwanza: baada ya makala kutoka, daktari alibadilisha nini alipomwandikia mgonjwa dawa?

Chukua kazi ya Profesa Bongani Mayosi, daktari wa moyo wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Cape Town na kufariki mwaka 2018. Moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba. Kifua kikuu kikiingia humo, maji hujaa yakaubana moyo. Baadaye mfuko wenyewe unaweza kukakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani, moyo ukashindwa kutanuka kupokea damu. Kwa miaka mingi madaktari walibishana kama pamoja na dawa za TB waongeze prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe. Majaribio yaliyokuwepo yalikuwa madogo mno kumaliza ubishi.

Mayosi na wenzake waliandikisha wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika, theluthi mbili hivi wakiwa na VVU. Wengine walimeza prednisoloni kwa wiki 6, wengine vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Ukijumlisha waliofariki, waliobanwa na maji hadi yakatolewa kwa sindano, na waliokakamaa mfuko, makundi yalikaribiana sana: asilimia 23.8 kwa waliopewa dawa, 24.5 kwa wasiopewa. Lakini kukakamaa peke yake kulishuka kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, huku saratani zinazohusiana na VVU zikipanda kutoka asilimia 0.6 hadi 1.8.

Zisome tena jozi hizo mbili za mwisho za namba, ya kukakamaa na ya saratani, maana uamuzi wote umo humo. Mwaka 2015 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ulisema steroidi inaweza kufikiriwa kwa mgonjwa asiye na VVU, na iepukwe kwa mwenye VVU. Kunukuliwa kwa namna hiyo ndiko ninakokujali.

Kazi yake nyingine kubwa ilifuatilia wagonjwa 3,343 wa Afrika, India na Yemeni ambao vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu upande mmoja, ziliharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo. Nusu yao hawakuwa wamepita miaka 28. Kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, 65 tu ndio waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango. Namba hiyo hunishtua kila ninapoirudia. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na vali iliyosinyaa haiwezi kuipitisha yote. Damu hurudi nyuma, mapafu yakajaa maji. Wagonjwa wengine wa vali hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama una tatizo la vali, zungumza na daktari wako wa moyo kuhusu mimba kabla hujaibeba.