Koilova ni nini, na ile kola yake inafanya kazi gani?

Kuna mabishano yasiyoisha kwenye gereji. Mwenye gari anataka springi "zikazwe" ili gari lisilale kwenye kona. Fundi anachukua spana ya ndoano, anazungusha kola, ile pete ya hesi iliyo chini ya springi, mizunguko kadhaa, gari linanyanyuka sentimita mbili, na wote wawili wanaachana wakiamini springi imekuwa ngumu. Springi ni ileile. Kilichobadilika ni kimo cha gari, basi.

Neno koilova limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya springi ya koili iliyovishwa juu ya shokapu. Kwa maana hiyo tupu, karibu kila gari dogo linalovuta kwa mbele tayari linayo. Mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ndiye aliyebuni strati inayobeba jina lake, na Ford Consul ya Uingereza ya mwaka 1950 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kutoka kiwandani nayo: shokapu katikati, springi imeizunguka, juu mauntini inayoishika kwenye bodi, chini habu ya gurudumu. Lakini mtu akikwambia "nimefunga koilova" hazungumzii hiyo. Anazungumzia strati ambayo mwili wake umechongwa hesi kwa nje, kama bolti nene, na kiti cha chini cha springi ni kola inayopanda na kushuka juu ya hesi hizo. Chini ya kola huwa kuna ya pili ya kuifunga isijizungushe, au skrubu ndogo ubavuni.

Ukitaka kuelewa mengine yote, tenganisha kazi mbili. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko, ili springi iliyobonyea isirushe bodi juu na chini mara tano baada ya tuta moja. Gari lenye shokapu zilizokufa husimama kwa kimo chake cha kawaida kabisa, ila likitembea huyumba kama mashua.

Nichukue Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyoingia sokoni mwaka 2004 na injini ya lita 2.0 yenye tabo. Huku Kenya nyingi zimeingia zikiwa zimeshatumika, na ndiyo hachibeki ya spoti ninayokutana nayo zaidi ikiwa juu ya jeki. Tuseme, ukitoa uzito wa gurudumu, breki na habu, springi moja ya mbele imebeba kilo 360. Ukiweka springi yenye ugumu wa kilo 6 kwa milimita, itabonyea milimita 60. Sasa pandisha kola milimita 10. Uzito umeongezeka? Hapana. Springi bado imebeba kilo 360, bado imebonyea milimita 60, ila kiti chake kimepanda, kwa hiyo bodi nayo imepanda karibu milimita 10. Ukitaka ugumu, nunua springi ya kilo 8. Kola haina ugumu wa kukupa.

Kitu kimoja kola inabadilisha kweli mbali na kimo: mwendo wa shokapu. Kwenye seti nyingi za Kijerumani kola husogeza kiti cha springi tu. Ukishusha gari, fimbo ya shokapu inakaa ndani zaidi, na nafasi iliyobaki ya kubonyea inapungua. Shusha mno, na gari litakuwa likitembea juu ya stopa za raba. Utasema springi ni ngumu kumbe ni raba inayokupiga mgongo. Seti nyingi za Kijapani hufuata njia nyingine: mwili mzima wa shokapu umekaa kwa hesi ndani ya kishikio cha chini, na kimo hupangwa kwa kuuzungusha wote, bila kugusa springi wala mwendo wa fimbo. Njia hiyo ni nzuri zaidi kwa gari linaloshushwa sana, ingawa bado tairi inaweza kufika kwenye tao la madigadi kabla shokapu haijamaliza mwendo wake.

Halafu kuna kichekesho cha Golf hii. Nyuma haina koilova hata ukilipia. Springi imekaa peke yake juu ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, na shokapu iko kando yake. Seti inayouzwa kwa jina la koilova inakuletea strati mbili za mbele, shokapu mbili za nyuma, na springi mbili fupi zenye kirekebisho cha hesi kinachokaa kwenye ncha ya springi. Na kwa kuwa springi hiyo imekaa ndani zaidi kuliko gurudumu, mkono unafanya kazi kama wenzo: ukishusha kirekebisho milimita 10, gari linashuka zaidi ya hapo. Anayehesabu hesi mbele na nyuma ili zilingane anaharibu kazi. Pima gari, usihesabu hesi.

Kupima nako kuna namna yake. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi na sakafu ya gereji vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao la madigadi, magurudumu yote manne, baada ya kusukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa. Gari likitoka kwenye jeki, tairi zinakuwa zimejikunja kuelekea ndani na linasimama juu kuliko kimo chake halisi. Wengi hushusha kola mara ya pili papo hapo kwa sababu hiyo, kesho yake wanashangaa gari limelala chini.

Kufunga mbele kunaanzia mahali usipopatarajia: kwenye waipa. Bolti tatu zinazoshika mauntini ya juu zimejificha chini ya plastiki iliyo mbele ya kioo, kwa hiyo mikono ya waipa hutoka kwanza, kisha plastiki yenyewe. Chini, strati haikushikwa na bolti mbili za ubavuni kama Toyota nyingi. Imechomekwa ndani ya habu na kubanwa na bolti moja. Hapo ndipo nyundo huanza kusikika, na hapo ndipo hazitakiwi. Kuna kifaa kidogo, cha bei ndogo, unachokiingiza kwenye mwanya wa kibano na kukizungusha robo mzunguko. Kibano kinaachia, habu inateremka. Isiachwe ining'inie ikivuta shafti, maana jointi ya ndani inaweza kuchomoka, wala isivute bomba la breki.

Kama seti haikuja na mauntini zake, itabidi uvue za zamani, na hii ndiyo sehemu ya hatari ya kweli. Springi ya kiwandani imebanwa ndani ya strati kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Nati ya juu haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa vibano vyake pande zote mbili. Beringi iliyo chini ya mauntini ikiwa inakwaruza, ibadilishe sasa; ukiirudisha, usukani utalia kila ukikata kona na utalaumu koilova bure.

Nyuma ni rahisi, ila kuna kosa moja linalofanywa karibu kila mahali. Bushi za mikono ya nyuma ni raba iliyogandishwa kwenye chuma. Ukikaza bolti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inafungwa katika mkao huo, na gari likishuka chini inabaki imenyongwa maisha yake yote. Weka jeki chini ya habu, inua hadi kipimo cha rimu na tao kiwe kile cha gari likiwa chini, ndipo ukaze. Na bolti zile ambazo baada ya kukazwa kwa nguvu ya kwanza huzungushwa tena kwa nyuzi (digrii) maalumu huwa zimevutika zikishatumika mara moja. Weka mpya.

Swali la kimo gani kifae ndilo watu hulitatua kwa macho. GTI tayari hutoka kiwandani milimita 15 chini ya Golf ya kawaida. Mimi husimama kwenye milimita 25 hivi chini ya hapo, na si kwa kuogopa matuta peke yake. Bodi inapolala kwenye kona huzunguka nukta ya kufikirika inayotegemea mlalo wa mkono wa chini. Ukishusha strati ya MacPherson mno, ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu inakuwa juu kuliko ile ya upande wa bodi, na nukta hiyo hushuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Umbali kati ya uzito na nukta unaongezeka, na kona inapata wenzo mrefu wa kulilaza gari. Ndiyo maana Golf iliyokaa chini kabisa inahitaji springi ngumu zaidi ili tu irudishe ilichopoteza. Inapendeza kwenye picha. Barabarani, iliyo juu yake kidogo itaiacha.

Si kila koilova ina kitufe cha kurekebisha shokapu. Kwa KW, kampuni ya Kijerumani inayotengeneza koilova, Variant 1 hubadilisha kimo tu, Variant 2 huongeza marekebisho ya fimbo inapotoka, na Variant 3 hutenganisha kutoka na kuingia. Zungusha kitufe taratibu kwa upande wa kukaza hadi mwisho, bila nguvu, kisha hesabu mibofyo ukirudi nyuma, kushoto na kulia sawasawa. Gari likirukaruka baada ya tuta, ongeza udhibiti wa fimbo inapotoka. Likizidi kujikunyata kwenye mabonde yanayofuatana bila kuinuka, umezidisha. Badilisha mibofyo miwili kwa wakati mmoja, rudia barabara ileile.

Alaimenti hufanywa baada ya springi kutulia, siku kadhaa hivi, kwa sababu kushuka huinamisha tairi kwa ndani na kubadili mwelekeo wake. Ukiiruka, tairi zitaliwa upande wa ndani na hutaona hadi nyuzi zitokeze. Gari lenye taa za zenoni lina vihisi vya kimo kwenye mikono ya magurudumu. Vinapaswa kupangwa upya kwa kompyuta, la sivyo taa zitapiga mahali pasipo pake. Ujerumani haya si hiari: seti huja na hati inayotaja kimo kinachoruhusiwa, na gari hupelekwa kukaguliwa.

Kabla ya kurudisha gurudumu, piga hesi brashi na uzipake grisi ya kuzuia kukwama. Tope la mvua na vumbi la marami hukaa humo, na kwa mtu wa Mombasa, chumvi pia. Mwaka ukipita bila kuguswa, kola ya alumini inaweza kushikana na mwili wa chuma, na spana ya ndoano itang'oa meno yake kabla kola haijasogea.