Cherehani Peke Yake Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Wanawake Wakimbizi wa Kakuma

Wengi huamini kwamba mwanamke anayeishi kambini hushinda akisubiri mgao wa chakula, lakini soko la Kakuma linaonyesha vingine. Kambi ya Kakuma, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, imekuwapo tangu mwaka 1992, na utafiti uliotolewa mwaka 2018 na taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia sekta binafsi ulikadiria kuwa soko la kambi hiyo pamoja na mji wa Kakuma lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, likiwa na maduka zaidi ya 2,000. Hata msaada wenyewe huingia sokoni: tangu mwaka 2015, kupitia mpango wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ilianza kutumwa kwa simu, na mpokeaji akawa ananunua unga, maharagwe na mafuta kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, wakimbizi kwa wenyeji.

Dhana ya pili ndiyo inayokula fedha nyingi za wafadhili bure: kwamba ukimfundisha mwanamke ushonaji na kumkabidhi cherehani, atajitegemea. Stadi hiyo ni nzuri, lakini wahitimu wote wa darasa moja wakirudi katika mtaa mmoja kushona sare zilezile, kwa wateja walewale ambao mgao wao umepunguzwa, bei hushuka na cherehani huishia kuuzwa. Anachokosa mwanamke huyo mara nyingi si ujuzi. Huenda alikuwa mfanyabiashara, mkulima au muuguzi kabla ya kukimbia. Anachokosa ni mtaji, mtu wa kumwachia mtoto, na ruhusa ya kulifikia soko lililo mbali na kambi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara, lakini anayetaka kwenda kununua vitambaa Eldoret bado anahitaji pasi ya kutoka kambini, na mfanyabiashara asiyejua atapewa pasi lini hawezi kumwahidi mteja siku ya kuchukua nguo. Kwa maoni yangu, mradi usiouliza swali la pasi haujaanza kazi. Kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli na wanachama wanaofahamiana, mara nyingi humfaa kuliko cheti.

Kuhusu elimu, hudhaniwa kwamba wazazi wakimbizi hawataki binti zao wasome. Wapo wa namna hiyo, kama walivyopo kwingineko. Hata hivyo, msichana wa Kakuma anayeacha shule aghalabu amezidiwa na foleni ya maji, ulezi wa wadogo zake, ukosefu wa sodo, au ndoa inayoonekana nyumbani kuwa njia ya kupunguza mdomo wa kulisha. Ndiyo maana bweni humsaidia kuliko darasa jipya, kwa kuwa humwondolea kazi za nyumbani saa za kujisomea.

Ama dai kwamba misaada hii inawapora wenyeji, Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo karibu na Kakuma, inalijibu vyema. Makazi hayo yaliyofunguliwa mwaka 2016 yalipangwa tangu mwanzo ili Waturkana na wakimbizi watumie shule, zahanati na masoko yaleyale, na wanawake wa Kiturkana wanaouza kuni na makaa huwategemea wakimbizi kuwa wateja wao. Mgao ukipunguzwa, nao hurudi nyumbani na mzigo haujanunuliwa.