Ndimu haing'arishi meno, jameni

Toka Shaabani iingie huyu ni bi harusi wa tatu kunikalia kwenye kiti na meno yanayoshtuka hata akivuta pumzi, na ukimuuliza ulifanyaje jibu ni lile lile, somo wangu kaniambia nisugue ndimu na chumvi, yanakuwa meupe pe. Nimechoka. Naandika mara moja, mwingine akiniuliza namtumia linki.

Mkaa sitaupotezea muda, ni msasa tu huo. Mimi ugomvi wangu ni ndimu.

Weupe wa jino haukai juu, na hapo ndo kila mtu anapopotea. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, inapitisha mwanga, kama kile kioo cha dirisha la choo, mwanga unauona ila mtu humuoni. Rangi kwa sehemu kubwa inatoka kwa dentini iliyo chini yake, na dentini kwa asili yake ni ya manjano. Sasa ukiipunguza enameli, ambayo hata pale penye unene kabisa haizidi sana milimita 2.5, umefungua pazia, manjano yanatokeza. Na mtu akiona manjano anafanyaje? Anaongeza ndimu!

Mtanambia "lakini daktari mbona niliyaona yamekuwa meupe". Uliyaona, sikatai. Enameli ni madini kama asilimia 96 ya uzito wake, na pH, kile kipimo cha ukali ambacho namba ikishuka ukali unapanda, ikishuka chini ya 5.5 hivi madini yanaanza kutoka, ndimu iko kwenye 2 na kitu, piga hesabu. Uso unabaki na vishimo vidogo vidogo, mwanga unatawanyika, unaona weupe wa chokaa. Weupe huo naujua manake mimi mwenyewe nautafuta kila siku: kabla ya kuweka filingi ya kompositi, ile ya rangi ya jino, napaka enameli asidi ya fosforiki ya asilimia 37, sekunde 15 au zaidi kidogo, naosha, nakausha, nikiona pamepauka kama barafu ya friza najua imekubali. Ujanja huo ulianza 1955 na Michael Buonocore kule Marekani, na yeye alitumia ya asilimia 85. Lakini mimi vile vishimo naviziba papo hapo na rezini, gundi ya filingi, inaingia ndani inashikilia. Wewe umeviacha wazi, halafu jioni uko ufuoni na embe mbichi ya pilipili.

Huyu wa juzi alikuja kunilalamikia kwamba filingi yangu imevimba. Ati imevimba! Jino la mbele nilimjaza mwenyewe miaka minne nyuma, kibao cha rangi kilisoma A2, nikaweka kompositi ya A2, hata yeye alikuwa haioni iko wapi. Sasa unaiona toka mlangoni. Imesimama juu kidogo, ukipitisha kile kichuma chetu cha ncha kali kinagota ukingoni, kama jabali la matumbawe maji yakipwa. Filingi iko pale pale nilipoiweka. Jino ndo limeshuka, ndimu imelila kote pembeni na kompositi imeiacha, manake toka aposwe, mwaka na nusu, asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja. Nikapima rangi ya jino lenyewe, A3.5, yaani limekolea kuliko ile A2.

Na wazee walijua hili, lugha yenyewe inasema ukila kikali meno yanaingia ganzi, na hawakuwa na habari na sindano yangu. Dentini ina mirija, karibu na mshipa ni makumi ya maelfu kwa milimita moja ya mraba, ina maji ndani, ikiachwa wazi baridi ikipita maji yanasogea na mshipa unapiga kelele. Na usiniambie jino ni mfupa litajiunga. Seli zilizojenga enameli hazipo tena jino likishachomoza, mate yanarudisha madini pale palipolainika tu, iliyokwenda imekwenda.

Halafu kuna lile la kusubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki ukila kikali. Nalisema kila siku na kusema kweli halinitulizi moyo, mate hayarudishi ugumu wote kwa dakika 30, kuna majaribio yaliyokuta kusubiri hakusaidii kitu cha maana. Naendelea kulisema kwa sababu halidhuru, na mgonjwa anapenda kuondoka na kitu cha kufanya.

Kupausha kwenyewe kupo, ni peroksaidi, inapenya enameli ikavunje rangi huko chini kwa dentini, filingi haiigusi. Ila si kwa meno yaliyochubuka hivi.

Harusi ni Ijumaa, yeye kaja Alhamisi. Nikataka kumpaka vanishi ya floraidi ipunguze ule mshtuko, mkono uko kwenye droo nikakumbuka vanishi niliyo nayo ni ya manjano na inaganda juu ya meno mpaka kesho yake. Nikamwambia mwanangu, kaolewe kwanza, uje Jumatatu. Akaniapia achari ya ndimu ya kwenye biriani hataigusa. Sikumuamini.