Mgonjwa aliyekataliwa kitanda: madaktari Wayahudi wa Denver na TB kabla ya dawa

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu ni TB, na kuna swali wanafunzi hawachoki kuniuliza: kabla dawa hazijapatikana, hawa wagonjwa walikuwa wanafanyiwa nini? Jibu la haraka ni kwamba walilazwa sanatoria, yaani hospitali maalum za wagonjwa wa TB, wakala vizuri, wakapumzika, wakapigwa na hewa safi basi. Ila kulazwa kwenyewe hakukuwa kwa kila mtu. Nani apewe kitanda na nani aachwe, hiyo ndo ilikuwa vita yenyewe, na sehemu iliyonifundisha zaidi kuhusu hiyo vita ni Denver, Colorado, kule Marekani, miaka ya mwanzo ya 1900.

Tuanze na wagonjwa. Baada ya mashambulizi dhidi ya Wayahudi mwaka 1881 kwenye himaya ya Urusi, wengi wao sana walikimbilia Marekani, na wengi wao wakaishia New York, familia nzima chumba kimoja, dirisha hakuna au lipo halifunguki, halafu hapo hapo ndo wanashona nguo mpaka usiku. Bakteria wa TB anapenda mazingira ya hivyo, hewa ile ile inavutwa na watu wale wale masaa yote. TB ikazoeleka kuitwa ugonjwa wa mafundi cherehani. Daktari akishakupima ushauri wake ulikuwa mmoja, nenda magharibi, nenda Colorado, kuna hewa kavu na jua, Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Basi mtu anauza cherehani yake, anapanda treni, anafika Denver anakohoa damu na mfukoni hana kitu na hamjui mtu.

Hospitali ilikuwepo, na nataka niitendee haki. National Jewish Hospital ilifunguliwa Desemba 10, 1899, na kanuni yake ilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kulipa haingii, na aliyeingia halipi. Bure kabisa, na wa dini yoyote anapokelewa. Waliokuwa wanaiendesha wengi ni Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, watu waliokuwa wameshajijenga Marekani. Ila masharti yake yalikuwa magumu: wanachukua wenye TB ya hatua za mwanzo tu, muda wa kukaa ni miezi 6, na jikoni hawakuwa wanapika kosher, yaani chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi kama Waislamu walivyo na halali. Hoja yao inaeleweka, vitanda ni vichache kwa hiyo mpe anayeweza kupona. Sasa yule ambaye mapafu yameshaliwa anaenda wapi?

Hapo ndo anaingia Dr. Charles Spivak. Alizaliwa 1861 Kremenchuk, sehemu ambayo leo ni Ukraine, akaingia Marekani 1882 kama mhamiaji wa kawaida, akafanya vibarua vya kiwandani na shambani kabla hajamaliza udaktari Jefferson Medical College, Philadelphia, mwaka 1890. Alihamia Denver 1896 kwa sababu ya afya ya mkewe. Mwaka 1904 yeye na wenzake, wahamiaji wa Ulaya Mashariki, wengine wagonjwa wa TB wenyewe, wakaanzisha Jewish Consumptives' Relief Society, yaani chama cha Kiyahudi cha kusaidia wagonjwa wa TB, wengi wanaiita JCRS. Rais wake alikuwa Dr. Philip Hillkowitz, mzaliwa wa Lithuania, mtaalamu wa maabara ambaye baadaye akawa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa patholojia ya kliniki Marekani, na cheo cha JCRS alikishika mpaka alipofariki 1948. Spivak alikuwa katibu, na ndo alikuwa injini ya ile kazi mpaka kifo chake 1927.

Walianza Septemba 1904 na mahema yenye sakafu ya mbao, nje kidogo ya mji, na hela ilitoka kwenye michango midogo midogo ya wafanyakazi. Msimamo wao ulikuwa kwamba hatua yoyote ya ugonjwa njoo, dini yoyote njoo, hulipi, na chakula ni kosher. Kaulimbiu yao waliitoa kwenye Talmud, kitabu cha mafundisho na sheria za dini ya Kiyahudi, kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa ulimwengu mzima, na msomaji Mwislamu hapa ataikumbuka Surat al-Maida aya ya 32 ambayo yenyewe inasema jambo hili waliandikiwa Wana wa Israeli.

Viongozi wa ile hospitali ya kwanza hawakufurahi, kulikuwa na mvutano wa miaka, waliona hawa wageni wanapoteza rasilimali kwa watu wa kufa. Na kweli vifo vilikuwa vingi JCRS, ukipokea wa hatua ya mwisho utazika. Lakini mimi kama mtu wa TB nasema Spivak alikuwa sahihi hata ukiweka huruma pembeni, kwa sababu mgonjwa wa hatua ya mwisho mwenye matundu kwenye mapafu ndiye anayetoa vimelea wengi zaidi akikohoa, sasa huyo ukimfungia mlango anarudi chumba cha kupanga, analala na watu, anawaambukiza, na mwaka kesho hao ndo watakuja kwako na TB ya hatua za mwanzo. Ukimchagua anayeonekana atapona ukamwacha mwingine, ugonjwa umeuacha mtaani.

Na ile tiba yenyewe? Maziwa, mayai, nyama, kulala nje kwenye hewa masaa mengi, kupumzika hata kama hujachoka. JCRS walikuwa na shamba na ng'ombe wao. Baadaye ikaja njia ya kuingiza hewa kifuani kwa sindano ili pafu lisinyae lipumzike, kitu alichokianzisha Forlanini wa Italia. Tuseme ukweli, urefu wa mlima haukuwa unaua bakteria. Mwanga wa jua na upepo vinasaidia kupunguza maambukizi kwa waliokaa karibu, na chakula kinampa mwili nguvu ya kupigana, ila bila dawa TB ya mapafu yenye vimelea kwenye makohozi iliua karibu watu 7 kati ya 10 ndani ya miaka 10.

Kwa hiyo kilichobaki mkononi mwa daktari kilikuwa ni jinsi anavyomtendea mtu, na hapa ndo nawaheshimu sana. Kwanza daktari anaongea Kiyidi, lugha ya nyumbani ya mgonjwa, hamlazimishi kueleza maumivu kwa Kiingereza cha kubahatisha. Spivak alipenda hiyo lugha kiasi kwamba 1911 alitoa kamusi ya Kiyidi akishirikiana na mshairi Yehoash, ambaye naye alikuja Denver kwa ajili ya TB. Pili ni kuaminika na mgonjwa, kumbuka sheria ya uhamiaji ya 1907 iliongeza wenye TB kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia Marekani, na mhamiaji aliyegeuka mzigo kwa serikali angeweza kurudishwa alikotoka. Fikiria hofu ya mtu anayekohoa! Mpaka leo nakutana na mgeni asiye na karatasi, amekonda, anatoa jina la uongo kwanza mpaka aone kama kuna polisi. Huyo dawa hazitamfaa kama haamini aliyezishika.

Mambo yaligeuka 1943 pale chuo kikuu cha Rutgers, Marekani, Albert Schatz alipoipata streptomisini, dawa inayoua bakteria wa TB, kwenye maabara ya Selman Waksman, Myahudi mwingine mhamiaji aliyezaliwa Ukraine. Utafiti wa Madras, India, uliotolewa 1959 ukaonyesha kwamba mgonjwa anayekunywa dawa akiwa nyumbani anapona sawa na aliyelazwa, na sanatoria zikaanza kukosa kazi. Halafu ile tiba ya miezi 6 ambayo leo tunaiona ya kawaida, majaribio makubwa ya kwanza yalifanyika kwetu Afrika Mashariki, matokeo yakachapishwa 1972. JCRS yenyewe iligeuzwa kuwa kituo cha saratani mwaka 1954, na National Jewish bado ipo Denver, siku hizi inaitwa National Jewish Health, na kwa miaka mingi imepokea kesi za TB sugu ambazo kwingine walishindwa kuzitibu.