Sukari Haikutoka kwa Mwingereza

Dhana iliyozoeleka ni hii: neno la Kiswahili likifanana na la Kiingereza, basi sisi ndio wakopaji. Eti Mwingereza alisema "sugar" na "coffee", nasi tukamalizia kwa irabu.

Kumbe wote wawili tulibisha hodi nyumba moja. Mwarabu husema sukkar na qahwa. Watu wa pwani waliyapokea mkononi mwake. Mwingereza aliletewa kwa mzunguko, sukkar ikipitia Kilatini na Kifaransa, qahwa ikipitia kwa Waturuki na Waholanzi. Na kwa sukari, Mwarabu naye si wa mwanzo. Alilipata kwa Waajemi, nao kutoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambako sharkara ilikuwa pia changarawe. Mwaga sukari kidogo mezani, uipapase, utaona kwa nini.

Ninalolipenda zaidi ni "monsoon". Wengi hulidhania neno la wataalamu wa hali ya hewa, kumbe ni ndugu wa "msimu" wetu. Mawsim kwa Mwarabu ni wakati maalumu wa jambo, na katika Bahari ya Hindi wakati wa kusafiri huamuliwa na upepo: kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, kusi huyarudisha. Wareno walilisikia wakasema monção, Waholanzi wakalipindua kidogo, na mwishoni mwa karne ya 16 likamfikia Mwingereza, ambaye amelibandika kwenye upepo na mvua zake. Sisi tumebaki na wakati.

Na "tariff"? Siku hizi linanuka ugomvi wa kodi, lakini ta'rif ni kujulisha tu. Waitaliano walilifanya tariffa, orodha ya kumjulisha mfanyabiashara ushuru wake. Kwetu ni taarifa.

"Magazine" lina ndugu aliyejificha vizuri zaidi: hazina. Shina lao ni lile la kuweka akiba, na makhazin ni maghala. Ndiyo maana bunduki nayo ina magazini. Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine jijini London mwaka 1731, alimaanisha ghala la maandishi.

Mbishi atasema: basi "shule" je, si "school" hiyo? La. Ni Schule ya Wajerumani, waliotawala Tanganyika kabla ya Waingereza. Baiskeli nakubali, tulikopa.

Lakini yupo anayedaiwa na sisi pia. "Safari" Mwingereza alilitoa kwetu katika karne ya 19 (sisi tukiwa tumelitoa kwa Mwarabu, sikatai). Leo akilitamka anaona simba na gari lililofunguliwa paa. Kwetu, hata kwenda Mbeya kwa basi la usiku ni safari.