Sombe, sianidi na pete ya naitrojeni nne

Mtu wa Kigoma hafundishwi kupika sombe. Majani ya muhogo yanatwangwa, yanachemshwa muda mrefu, ndipo mawese yanaingia. Sisi wa maabara tunaomba tu utaratibu huo usifupishwe, na sababu zake zinapita kwenye aina moja ya molekuli: pete kubwa yenye naitrojeni nne zinazotazama katikati, na katikati hapo imeshikwa atomu ya metali.

Pete ya kwanza imo kwenye jani lenyewe. Klorofili ina magnesiamu katikati, na magnesiamu haijakazwa sana. Kamulia ndimu kwenye mboga inayochemka, kijani kitafifia kielekee kahawia, kwa kuwa asidi imeingiza haidrojeni na kuitoa metali. Hapo kinachoharibika ni sura ya mboga tu.

Kinachodhuru ni sianidi. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali inayobeba sianidi, na kimeng'enya cha kuivunja kimehifadhiwa mbali nayo. Kinu ndicho kinachovikutanisha, na sianidi inaanza kutoka. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za selsiasi, kwa hiyo sufuria ikiwa wazi inaondoka na mvuke. Majani yaliyokatwakatwa tu, yakafunikwa na kuipuliwa haraka, yanabaki na sumu nyingi zaidi.

Ikiingia mwilini kwa wingi, sianidi inakimbilia hemu, pete yenye chuma iliyomo ndani ya seli, pale oksijeni inapotumika. Naitrojeni nne zimekishika chuma kwa pembeni, juu pameachwa nafasi ya oksijeni. Sianidi inaikalia. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni na seli zikakosa pumzi vilevile.

Pete ya tatu ni mojawapo ya dawa za sumu ya sianidi, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote: haidroksokobalamini, aina ya vitamini B12. Metali yake ni kobalti. Dorothy Hodgkin wa Uingereza alitangaza muundo wa B12 mwaka 1956, na mwaka 1964 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kobalti imeshikwa na naitrojeni nne za pete na ya tano kwa chini. Juu kuna haidroksidi inayoachia kwa urahisi. Sianidi inachukua nafasi hiyo, inanaswa, kisha figo zinaitoa. Mgonjwa hukojoa mkojo mwekundu, jambo linalowashtua ndugu bure.

Mtu mzima hupewa gramu 5 kwa mshipa, ilhali mahitaji ya B12 kwa siku ni mikrogramu 2.4 hivi. Kwa hiyo msikimbilie vidonge vya B12 vya duka la dawa. Dozi ni ndogo mno, na vingi ni sianokobalamini: kobalti yake tayari imeshika sianidi (kidogo sana, haidhuru). Mtu akila sombe au muhogo, kisha akapata kizunguzungu, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe alichokula na kilivyopikwa.